Roshani, Hi-Level au Superliner: behewa gani la ghorofa linafaa reli yako ya mezani?

Anayetafuta modeli za mabehewa ya ghorofa ya Marekani atakutana na koo tatu. Kuna mabehewa ya roshani ya treni za wafanyakazi wa mijini, ambayo wauzaji huyaandika gallery. Kuna Hi-Level za reli ya Santa Fe, zilizobeba abiria wa El Capitan kati ya Chicago na Los Angeles. Halafu kuna Superliner za Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, zilizochukua wazo la Hi-Level na kulisambaza sehemu kubwa ya nchi. Kwenye picha ya tangazo zote ni masanduku marefu yenye madirisha safu mbili. Zikifika mezani zinadai vitu tofauti kabisa, na wengi huchagua kwa rangi, kisha wanakuta kona hazitoshi au treni imefika mwisho wa njia na haina namna ya kurudi.

Msimamo wetu ni huu: mwenye meza ndogo achukue roshani, hata kama moyo uko kwa El Capitan. Mwenye ukuta mzima, au anayekubali skeli ya N (modeli ndogo mara 160 kuliko kitu halisi), ndiye anayeweza kuitendea haki El Capitan. Superliner ni ya anayetaka kununua leo na kuendesha kesho.

Ukubwa, kabla ya mengine yote

Koo zote tatu zina urefu wa futi 85, yaani mita 25.9. Zinatofautiana kimo tu.

| | Kimo halisi | Kimo HO (1:87) | Kimo N (1:160) |
|---|---|---|---|
| Hi-Level | mita 4.72 | mm 54 | mm 29.5 |
| Roshani | karibu mita 4.8 | mm 55 hivi | mm 30 hivi |
| Superliner | mita 4.93 | mm 56.6 | mm 30.8 |

Urefu wa behewa moja ni karibu sentimita 29.8 kwa HO na 16.2 kwa N. Kwa hiyo ukiona tangazo la behewa la HO lenye sentimita 25 au 26, ujue limefupishwa ili lipite kwenye kona kali. Si dhambi, lakini usilichanganye na la urefu kamili kwenye treni moja. Jicho litaliona mara moja, na viungio vitavutana vibaya kwenye kona.

Kona ndiyo hakimu. Behewa la urefu huu lina karibu mita 18 kati ya kitovu cha bogi moja na nyingine (bogi hapa ni ile fremu ya magurudumu manne chini ya kila ncha, si behewa zima). Likiingia kwenye kona, tumbo linaingia ndani na ncha zinatoka nje. Kiasi cha tumbo kuingia ndani unakipata kwa kuzidisha umbali wa bogi kwa wenyewe, kisha kugawa kwa mara nane ya nusu kipenyo cha kona. Kwa HO umbali huo ni karibu mm 208:

- kona ya mm 457 (inchi 18, ile ya seti za kuanzia): mm 11.8
- kona ya mm 610 (inchi 24): mm 8.9
- kona ya mm 762 (inchi 30): mm 7.1
- kona ya mm 914 (inchi 36): mm 5.9

Kwenye mm 457 usijaribu. Bogi itagonga ngazi au sketi ya chini, na behewa litanyanyuka. Kwenye 610 linapita, ila sura yake si ya kupendeza. Kuanzia 762 treni inaanza kuonekana treni.

Wenye njia mbili sambamba wana hesabu nyingine. Kwenye kona ya 610, ncha za behewa hutoka nje mm 9.3, na upana wa behewa lenyewe ni karibu mm 35. Behewa la njia ya nje, tuseme ya 670, tumbo lake linaingia ndani mm 8. Jumlisha: treni mbili zikipishana zinahitaji mm 52 na ushee kutoka kitovu cha njia hadi kitovu cha njia, bila hata nafasi ya unywele. Mtu aliyelaza reli zake kwa nafasi ya inchi 2, yaani mm 51, atasikia mgongano. Reli za Unitrack za HO za kampuni ya modeli ya Kato zina nafasi ya mm 60, na hapo unabaki na mm 7 hivi za usalama.

Kwa N mambo ni mepesi. Unitrack ya N ina kona za mm 249, 282, 315, 348 na 381. Ya 381 ni sawa na sentimita 70 za HO, na inaingia kwenye meza ya upana wa mita moja. Ukianzia 282 kwenda juu mabehewa ya Kato hupita, na njia mbili zilizoachana mm 33 hazigusani, ingawa kwenye kona za 282 na 315 zinabaki mm 3 tu.

Roshani: treni fupi yenye kazi nyingi

Kampuni ya Budd ilitengeneza mabehewa haya mwaka 1950 kwa ajili ya reli ya Burlington, ikihudumia njia ya Chicago hadi Aurora. Ghorofa ya juu haina sakafu kamili: kuna roshani mbili, moja kila upande, zenye viti vya mtu mmoja mmoja, na katikati pako wazi. Kondakta anatembea chini na kukagua tiketi za juu kwa kunyoosha mkono tu, hapandi ngazi. Chicago & North Western, Milwaukee Road, Rock Island na Southern Pacific nazo zikayachukua, zikinunua kwa watengenezaji mbalimbali, akiwemo Pullman-Standard.

Kwa mwanamodeli, uwazi huo wa katikati una faida isiyotajwa kwenye maboksi: utepe mmoja wa taa darini unamulika ghorofa zote mbili.

Faida kubwa zaidi ni uendeshaji. Mwaka 1960 North Western ilianza kutumia mabehewa yenye chumba cha dereva, injini ikabaki upande mmoja siku zote: ikienda inavuta, ikirudi inasukuma. Chicago injini hukaa upande wa nje ya jiji, behewa la dereva upande wa stesheni kuu. Kwenye meza hiyo maana yake huhitaji njia ya kuzungushia injini wala kitanzi. Injini moja na mabehewa matatu ya HO ni mita 1.1 hivi, stesheni ya mita 1.3 kila upande wa ubao inatosha, na una treni halisi inayokwenda na kurudi siku nzima. Ukiipenda North Western, kumbuka treni zake zilipita njia ya kushoto, tofauti na reli karibu zote za Marekani. Msomaji aliyezoea magari yetu hatapata shida.

Southern Pacific ni habari nyingine. Treni zake za San Francisco hadi San Jose zilikuwa na roshani za Pullman-Standard za kijivu kuanzia 1955, zikivutwa na Train Master za Fairbanks-Morse, injini ambayo Atlas imeitoa kwa HO na N. Ni muungano mzuri kuliko yote kwa macho, lakini safu zile hazikuwa na behewa la dereva. Injini lazima ifunguliwe, izunguke, ifungwe upande wa pili. Tenga njia ya mchepuo yenye urefu wa treni nzima pamoja na nafasi ya injini na pointi (mahali njia inapogawanyika). Wengine huona huo ndio uhondo wenyewe.

Wakati wa kununua, angalia ubavu. Budd ni chuma kisichoshika kutu chenye mifereji ya mlalo. Pullman-Standard ni bapa na hupakwa rangi. Behewa bapa lililopakwa rangi ya fedha na kuandikwa Burlington ni la kuigiza. Walthers imewahi kutoa roshani za HO, na hizo utazipata zaidi kwa mitumba. Kato ina roshani nzuri sana, kimya relini, zenye taa rahisi kufunga, lakini nyingi ni za muundo wa Nippon Sharyo, mtengenezaji aliyeingia kwenye soko hili miaka ya 1980. Zinafaa Metra (treni za mijini za Chicago) na Caltrain (za San Francisco hadi San Jose). Mwenye injini ya E8 ya miaka ya 1950 akizifunga nyuma yake amechanganya miongo mitatu. Hata E9 za Burlington, zilizoendelea kuvuta abiria wa Chicago hadi 1992, hazikukutana na roshani za Nippon Sharyo za Metra, zilizokuja miaka ya 2000.

Kasoro ya roshani inajitokeza wakati wa kusukuma. Kama viungio vimefungwa kwenye bogi badala ya kwenye bodi ya behewa, nguvu ya injini inaisokota bogi, na mahali pa kwanza penye kona mbili za kupingana behewa la mbele linaruka. Tiba ni tatu, kwa mpangilio huu: weka reli iliyonyooka yenye urefu wa behewa moja kati ya kona hizo (sentimita 30 kwa HO, 16 kwa N), tumia pointi namba 6 au zaidi (namba ikiwa kubwa, mgawanyiko ni mpole zaidi), kisha hamishia viungio kwenye bodi, mfano Kadee namba 5 au 148 kwa HO, ukipima kimo kwa geji yao. Watu huanza na hiyo ya tatu kwa sababu inanunulika dukani. Ukiwa na kona mbaya haitakusaidia.

Hi-Level: uzuri wenye masharti

Santa Fe ilijaribu mabehewa mawili mwaka 1954, na 1956 El Capitan nzima ikawa ya ghorofa. Hapa abiria wote wanakaa juu, viti 72 kwa behewa la kawaida, na wanapita kutoka behewa hadi behewa kwa ghorofa ya juu. Chini kuna vyoo, mizigo na mitambo. Behewa la chakula lina jiko chini na meza juu. La mapumziko lina sebule ya juu iliyoitwa Top of the Cap, na chini yake mgahawa wa Kachina.

Mpangilio huo ndio unaoleta masharti. Kwa kuwa mlango wa kupitia uko juu, Hi-Level haiungani na behewa la kawaida bila behewa la mpito, lenye viti 68, ambalo ncha yake moja ina ngazi za kuteremkia kwenye mlango wa chini. Mbele ya hapo lilikaa behewa la mizigo na malazi ya wafanyakazi lililoongezewa kofia juu ya paa, ili kimo kisishuke ghafla. Bila kofia hiyo tofauti ni mm 7 za HO, inayoonekana kutoka mlangoni mwa chumba. Ukinunua behewa mojamoja, anza na hayo mawili. Ndiyo huadimika kwanza, na mabehewa sita ya viti bila la mpito ni treni ambayo mtu hawezi kutoka ndani yake kwenda behewa la kawaida.

El Capitan inayoaminika ina injini mbili hadi nne za F7 nyekundu na fedha, behewa la mizigo, la mpito, ya viti manne au zaidi, la chakula na la mapumziko. Kwa HO hizo ni mita 2.8 hadi 3.2, na kona za 762 ndiyo mwanzo. Kwa N treni hiyohiyo ni mita 1.6 hivi. Kwa hiyo ushauri wetu hauna chenga: El Capitan ni treni ya N, na Kato imeitoa kama seti iliyokamilika, pamoja na lile behewa lenye kofia. HO ya Walthers ina maelezo bora zaidi ya ubavu na ya chini ya sakafu, lakini ni ya mwenye chumba.

Asiye na nafasi hata kwa N ana mlango mmoja wa haki. Kuanzia 1958, msimu wa abiria wachache, El Capitan iliunganishwa na Super Chief kuwa treni moja. Hapo mabehewa ya kulala ya kimo cha kawaida na Hi-Level chache yanakaa pamoja, na hakuna atakayekuuliza kwa nini una matatu tu ya ghorofa.

Taa za Hi-Level zina kazi zaidi kuliko roshani kwa kuwa sakafu ya juu ni kamili. Lakini usifunge utepe wa pili kila behewa kwa mazoea. Chini ya behewa la viti hakuna abiria na madirisha ni machache. Giza ndilo sahihi. Funga taa za chini kwenye behewa la mapumziko, ambako mgahawa una watu, na kwenye jiko la behewa la chakula.

Superliner

Pullman-Standard ilitengeneza 284, zikaanza kazi 1979. Wanaopenda vya zamani huzibeua, bila sababu: za mwanzo zina umri wa kutosha kuitwa kongwe. Zipo kwa wingi: Kato na Walthers wamezitoa kwa HO, na Kato kwa N pia. Za kundi la kwanza zitambue kwa bogi. Kundi la pili la Bombardier la miaka ya 1990 lina bogi za aina tofauti, na michirizi ya rangi hutofautiana kwa kipindi, kwa hiyo soma kipindi kwenye boksi kabla ya kuchanganya.

Kitu kimoja kinazifanya ziwe daraja zuri. Amtrak ilirithi Hi-Level, na baadhi ya mabehewa ya mapumziko yalitembea kwenye treni ya Coast Starlight katikati ya Superliner hadi Februari 2018. Tofauti ya kimo ni mm 2.3 tu kwa HO, na ndivyo ilivyokuwa kweli. Behewa moja la Hi-Level la mtumba, lisilo na wenzake, linapata kazi hapo.

Uzito, magurudumu, na yale yanayoangusha

Behewa la ghorofa lina kimo, kwa hiyo uzito ukikaa juu litapepesuka. Kanuni ya NMRA (chama cha wanamodeli wa reli cha Marekani) kwa HO ni aunsi 1 na nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu: behewa hili linatoka karibu gramu 195. Kwa N ni nusu aunsi na aunsi 0.15 kwa inchi, karibu gramu 41. Pima kwa mizani ya jikoni. Likipungua, gundisha vipande vya uzito kwenye sakafu ya chini kati ya bogi, kamwe si darini wala kwenye ghorofa ya juu. Mabehewa manane ya HO yenye uzito kamili ni zaidi ya kilo moja na nusu; kwenye mwinuko wa asilimia 2 injini moja inaweza kuanza kuteleza, na ukizidisha mwinuko itateleza kweli.

Behewa likiruka reli mahali palepale kila mara, tafuta kosa relini. Likiruka kila mahali, ligeuze. Skrubu ya bogi moja iwe imelegea kiasi cha bogi kutikisika pande zote. Ya pili ikazwe hadi bogi izunguke tu bila kuyumba. Hapo behewa linasimama kama kigoda cha miguu mitatu. Ukikaza zote mbili, gurudumu moja linabaki hewani kila reli inapojipinda. Kisha angalia mikunjo ya mpira ya kupitia kati ya mabehewa: ikigusana kwa nguvu kwenye kona inasukuma behewa jepesi nje.

Mitumba ya shaba nyeupe ina ugonjwa wake. Magurudumu yana upande mmoja tu uliotengwa umeme, na bodi nzima inabeba umeme wa reli moja. Ukigeuza behewa moja tofauti na jirani yake, viungio vya chuma vikigusana una shoti. Pima kwa mita kabla ya kuunga, na yageuze yote yaelekee upande mmoja, au badilisha magurudumu yote yawe yametengwa pande mbili.

Taa zikipepesa, usilaumu LED. Reli safi kwanza. Halafu kwa kila behewa: nyaya kutoka bogi zote mbili kwenda kwenye daraja la diodi, baada ya daraja kapasita ya mikrofaradi 470, volti 25, ikiwa na resista ya ohm 100 mfululizo ili isivute mkondo mkubwa kwa ghafla, na diodi sambamba na resista hiyo inayoruhusu umeme kurudi kwenye taa, kisha utepe wa LED kupitia resista ya kilo-ohm 1 hadi 4.7, kutegemea mwanga unaoupenda. Ncha za chanya na hasi za kapasita zisigeuzwe, itavimba. Kwa wanaotumia umeme wa kawaida wa DC bila dijitali, taa zitafifia treni ikisimama, na kapasita itasaidia kwa sekunde chache tu.

Wanaoagiza kutoka Marekani wasome kibandiko cha adapta. Seti nyingi za huko ni za volti 120 tu, na soketi ya Nairobi ya 240 au ya Dar es Salaam ya 230 itaiunguza papo hapo, hata ukiwa na kibadilisha plagi. Agiza mabehewa na reli bila adapta, kisha nunua hapa inayosema 100–240 upande wa kuingia, na upande wa kutoka ilingane na kidhibiti chako kwa volti, amperi na alama ya chanya na hasi ya plagi.